Kitako cha Bunduki ya Kaka

Mimi ni fundi cherehani, na sisi mafundi cherehani tuna ugonjwa mmoja unaojulikana kuanzia Tanga hadi Johannesburg: njoo kesho. Nimewaambia hivyo mabwana harusi, nimewaambia wenye mapazia, nimemwambia hata imamu aliyekuwa akisubiri kanzu ya Idi. Mteja akikasirika namvutia kiti, namwagizia chai, tunacheka, yanaisha. Kwa hiyo kaka yangu aliponiuliza bunduki yake itakuwa tayari lini, ulimi ulijibu wenyewe kabla sijafikiri.

Ilikuwa bunduki ya upepo, ile unayoikunja katikati ukapachika kirisasi kidogo kama punje ya dengu. Aliinunua hapa hapa Johannesburg, kwenye duka la vitu vilivyotumika, miaka ile ya mwanzo alipokuwa akipanga chumba Berea. Aliinunua kwa sababu ilifanana na ya baba, basi. Hakuwa na pa kuipigia. Aliilaza chini ya kitanda, akahama nayo chumba hadi chumba, mpaka siku moja katika kuhama huko ikaangukiwa na friji, na kitako chake cha mbao kikapasuka pale penye shingo, mahali mkono unaposhika.

Ugonjwa wa mapafu ulipomzidi nikamleta kwangu, Troyeville. Alikuja na begi moja la nguo, mashine ya kumsaidia kupumua, na bunduki iliyofungwa kamba ya katani. Daktari alizungumza nasi kwa upole mno, na mimi nikauelewa ule upole. Kaka naye aliuelewa. Jioni ile alimwomba mke wangu kopo tupu la nyanya, akamwelekeza aliweke juu ya ukuta wa uani.

"Nitengenezee, bwana mdogo," akaniambia. "Nataka nilipige lile kopo mara moja tu, mikono ikiwa bado inaweza."

Ningeipeleka kwa fundi wa bunduki, na wapo. Lakini mimi nina kiburi cha watu wanaofanya kazi kwa mikono. Nilijiambia kwamba mtu anayeweza kukata koti hashindwi na ubao. Chuma sikukigusa ndani, hilo namshukuru Mungu. Nilifungua skrubu tatu, nikazitia kwenye kopo langu la vifungo, nikatenganisha mtutu na mbao, nikabaki na kitako mapajani, kikuukuu, cheusi kwa jasho la watu nisiowajua. Nilifurahi sana. Nasema ukweli, kwa siku kadhaa nilifurahi mpaka nikasahau ni kwa nini naifanya ile kazi.

Mshauri wangu alikuwa jirani yetu Mkongomani, fundi makochi kule Bertrams. Alinifundisha kupenyeza gundi kwenye ufa, kuubana kwa mpira wa tyubu ya baiskeli niuzungushe kwa nguvu, kisha niache siku mbili bila kuchungulia. Siku ya tatu tukaufungua pamoja. Alikishika kitako huku na huku, akajaribu kukivunja gotini, kikagoma.

"Gundi imekamata bien," akasema. "Rudisha chuma, umupatie kaka yako apige. Mafuta ni ya urembo tu, utapaka siku ingine."

Nilikitazama. Palikuwa na kovu la gundi, jeupe, limepinda kama mshono wa mwanafunzi. Siwezi kutoa kazi ya namna hiyo. Nikamwambia nitapiga msasa kwanza, nitie rangi ya kahawia, halafu mafuta ya mbao mikono mitano, yaani kupaka mara tano, myembamba myembamba. Akatikisa kichwa.

"Eish, ndugu. Na hii baridi?"

Alikuwa sahihi. Majira ya baridi ya Johannesburg hayakaushi mafuta. Unapaka leo ukitegemea kesho kimekauka, kesho bado kinanata. Nilikifanyia kazi kwenye baraza la uani, alasiri nikirudi kutoka kazini Mayfair, kaka akiwa kwenye kiti chake juani na blanketi hadi kidevuni. Alichambua kila nilichofanya. Nikishika msasa vibaya, anaguna. Mke wangu akileta uji, anamwambia, "Shemeji, mumeo ananishonea bunduki," wanacheka mpaka yeye anakohoa.

Kila siku aliuliza. Kila siku nilijibu kesho.

Tulipokuwa wadogo yeye alikuwa mpigaji, mimi nikiwa mkimbiaji. Baba alituachia bunduki Jumapili tukawinde njiwa kando ya mashamba ya mkonge. Kaka anasema bismillahi, anafyatua, njiwa anaanguka, na mimi natoka mbio na kisu nimwahi kumchinja kabla hajafa. Nikichelewa ni mzoga, hatuli. Nilichelewa mara nyingi. Miiba ya mkonge ilinitisha, nikawa nazunguka mbali. Nilikuwa namkuta njiwa bado ana joto, macho yamefumba, na kaka anakuja nyuma yangu wala hanipigi, ananiangalia tu.

Jumanne moja, nikiwa nimepaka mkono wa nne, aliniambia nimpe kitako akishike.

"Bado kibichi, kaka. Kesho."

"Wewe toka zamani," akasema taratibu, akipumzika kila baada ya maneno mawili, "unafika ndege ameshakufa."

Nikajifanya sikusikia. Nikaingia ndani kunawa. Nilipotoka nilimkuta ameegemea meza niliyokilaza kitako kikauke, mkono umetoka kwenye blanketi, kidole gumba kimelala juu ya kitako pale penye shingo. Alikuwa amefumba macho. Nilipomwita akauondoa mkono polepole, na pale alipogusa pakabaki alama ya kidole kwenye mafuta, mistari yake yote inaonekana, hata kile kijikovu alichokipata utotoni kwa panga.

Nilikasirika. Naandika hivi nikiona aibu. Nilimwambia, "Sasa umeniharibia, kaka. Inabidi nirudie." Alivuta blanketi akageukia ukuta wenye kopo.

Kesho yake, kabla sijaenda kazini, nilichukua msasa laini nikaisugua ile alama mpaka pakawa sawasawa, nikapaka upya. Nilifanya vizuri. Hata ukijua mahali, huwezi kupaona.

Alifariki Ijumaa asubuhi, mke wangu akiwa amemshika mkono mmoja na mimi nikimwekea mto. Hakulipiga kopo. Kitako kilikauka wiki iliyofuata. Nikakifunga kwenye chuma kwa skrubu zake tatu, na kila anayekiona anasema sikuwahi kufanya kazi nzuri kama ile. Jirani Mkongomani alikipitishia kiganja mara moja akanirudishia. Zipo alasiri nakitoa nje, nakigeuza kwenye jua nikitafuta kidole cha kaka, na huku najua msasa niliushika mimi.

Hilo ningeweza kulizoea. Nisilolizoea ni la chumba cha kuoshea maiti, siku ile ile ya Ijumaa, Mayfair. Tulikuwa watatu, mimi, mzee anayeosha, na msaidizi wa kumimina maji. Mzee aliniachia mkono wa kulia, kwa kuwa mimi ni ndugu. Niliosha kiganja, nikapitisha maji kati ya vidole, nikauweka mkono chini nikidhani nimemaliza.

"Na kucha, mwanangu," mzee akasema. "Chini ya kucha pia."

Akanipa kijiti chenye pamba. Chini ya ukucha wa kidole gumba palikuwa na mstari mwembamba wa kahawia. Ilikuwa rangi yangu, mafuta yangu, bado mabichi kidogo. Nilitaka kumwambia yule mzee tuache pale, hapo pabaki hivyo hivyo. Ningemwelezaje? Watu walikuwa wamejipanga nje wakisubiri kumswalia. Nikainama, nikausafisha, na siku hiyo sikuchelewa.