Maji ya Kunyonyolea Kuku

Nilisikia injini ya boti nikiwa katikati ya mashamba ya kabichi, juu ya Lushoto, mahali ambapo bahari ni kitu cha kuhadithiwa. Nilisimama. Nimefanya kazi kwenye boti za Tanga na Pangani, na mlio ule siwezi kuuchanganya na wa lori wala wa trekta. Ukungu ulikuwa umelala hadi chini, na ndani yake kitu kilikuwa kinalia dug-dug-dug kama kinaingia bandarini.

Niliacha njia niliyokuwa nayo. Haikuwa safari ya maana. Nilikuwa nimetoka Kwamkoro kwenye chai, nimechoka baada ya miezi minne, naenda sijui wapi. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nikisimama mahali huwa ni kwa sababu nimeona kitu nisichokielewa.

Injini ilikuwa kwenye banda la mabati, imefungwa juu ya zege, inazungusha mashine ya kusaga. Pembeni yake alisimama mama wa makamo, amevaa masweta mawili, moja juu ya jingine, nyusi zimejaa unga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mahindi yako wapi?"

"Sina. Nimefuata mlio."

Alicheka mpaka unga ukamdondoka. Akaniambia marehemu mumewe alifanya kazi Tanga miaka mingi. "Wenzake walirudi na magodoro na redio. Yeye akarudi na hii. Watu wakamuuliza, utavua samaki kwenye kabichi?" Boti ilikuwa imeoza, injini ikabaki nzima, akaipandisha mlimani kwa lori. Badala ya maji ya bahari, aliipozesha kwa maji ya mfereji: mpira mweusi ulishuka kutoka juu, ukaingia kwenye injini, maji yakatokea upande wa pili na kwenda kumwagilia magimbi.

Shida yake siku hiyo ilikuwa kwamba injini inachemka. Nilifungua mpira nikakuta majani yameziba. Kazi ya dakika kumi. Ingeishia hapo, ningekuwa mtu mwema.

Lakini nilikuwa nimefundishwa kazi na mafundi wa pwani, na fundi wa pwani akikuta injini imechemka hata mara moja, kuna kitu lazima akitoe. Ni kidude cha shaba, kinaenea kwenye kiganja, kimekaa kwenye njia ya maji. Kinaitwa themostati. Nilikifungua nikakirusha kando, kama nilivyofanya kwenye boti nyingi.

"Hiki kazi yake nini?" mama aliuliza, akakiokota.

"Huku kwetu hakina kazi. Wazungu wanakiweka kwa ajili ya nchi za baridi."

Alinitazama. Kisha akayatazama masweta yake. Akakiweka dirishani.

Injini haikuchemka tena. Ungeweza kuikumbatia. Mama alifurahi, akanipa chumba cha stoo, nikawa fundi wa mashine. Niliona moshi mweupe umezidi, nikasema ni ukungu. Niliona asubuhi inagoma kuwaka, nikasema imezeeka. Kila nilichokiona nilikuwa na jibu lake.

Siku moja, kama wiki tatu baadaye, mama alichomoa kijiti cha kupimia oili akaniita.

"Njoo uone. Jana ilikuwa hapa. Leo iko hapa."

Oili ilikuwa imepanda. Nikafuta kijiti, nikapima tena. Imepanda. Nimeona injini zinazokula oili, zinazovuja oili, zinazotema oili. Inayozaa oili sikuwahi kuiona.

Mama alikaa kwenye kigoda chake, mikono mapajani. "Mjane wa Sarepta," alisema polepole. "Chupa yake ya mafuta haikuisha." Na yeye alikuwa mjane. Galoni ya oili aliyokuwa ameinunua hakuifungua. Jumapili ile alisimama kanisani, mbele ya Walutheri wenzake, akatoa shukrani. Nilikuwa benchi la nyuma. Niliona watu wanageuka kunitazama, mimi niliyeitengeneza injini hiyo, na nilitabasamu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Sikuelewa, na nilitabasamu.

Kwa kweli alihitaji muujiza. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa ameshapata mnunuzi wa chuma chakavu kutoka Mazinde, kule chini barabarani. Kikao cha ukoo kilikuwa kimeamua: mashine ikifa tena, inauzwa, na mama arudi kulima kama wengine. Shemeji alipita kila siku mbili. Alikuwa anasimama mlangoni, anasikiliza.

"Bado inapumua, mgosi?" aliniuliza kila mara. Huku mgosi ni mwanamume, ni kuitana tu, lakini yeye alilitamka kama anauliza habari za mgonjwa.

Ilitokea Jumanne mchana, wanawake watano wakiwa kwenye foleni. Mlio ulibadilika. Ukapanda. Nikapunguza mafuta, ukazidi kupanda. Nikafunga dizeli kabisa, nikaukata mpira wake kwa kisu, na injini isiyo na tone la dizeli ikaendelea kukimbia, kasi zaidi, inapiga kelele kama inachinjwa. Mkanda ulikatika ukapiga bati. Moshi ulijaa banda. Wanawake walitoka wakikimbia na mmoja akaacha kiatu.

Nilisimama tu. Miaka yote ya injini, na sikuwa na la kufanya. Nilikuwa nimeifungia chakula na ilikuwa inakula.

Mama ndiye aliyepiga kelele: "Izibe pua!"

Alikuwa amekamata kigoda. Nilikipokea, nikakibana kwenye mdomo unaovuta hewa, nikakilalia kwa kifua. Injini ilikohoa, ikatetemesha zege, ikafa.

Unga ulikuwa unashuka hewani kama mvua ya manyunyu. Shemeji alikuwa amefika mlangoni, sijui saa ngapi.

"Mnunuzi anakuja Ijumaa," alisema, akaondoka.

Nilifungua oili nikaimwaga kwenye karai. Ilitoka nyepesi kama chai. Nikachovya kidole, nikanusa, nikakaa chini. Ilikuwa dizeli. Karibu nusu nzima ilikuwa dizeli. Injini ilikuwa baridi mno kuweza kuyachoma mafuta yake, kwa hiyo yalikuwa yanashuka mabichi kwenye ukuta wa silinda, yanaingia kwenye oili, siku baada ya siku, mpaka yakajaa na injini ikaanza kujinywa yenyewe. Maji ya mfereji wa Julai, ambayo nikinawa uso asubuhi naumwa meno, nilikuwa nimeyafungulia njia yote.

Nilichukua kidude kile dirishani, nikaomba sufuria na maji, nikakitumbukiza humo, juu ya moto, jikoni kwa mama. Tulichuchumaa wote wawili tukitazama. Maji yalipata joto, kidude kikatulia. Yakaanza kufuka mvuke, na kabla hayajachemka kile kifuniko cha shaba kikajiinua, chenyewe, taratibu, kama jicho. Nikakitoa. Kikafumba.

Kilikuwa kinajua. Kinafunga njia mpaka injini ipate joto lake, kisha kinafungua. Na mimi nilikuwa nimevitupa baharini, vya boti za watu, nikisema havina kazi. Sikumbuki hata vingapi.

"Kwa hiyo si baraka," mama alisema.

"Hapana, mama. Ni mimi."

Alikichukua kidude, akakigeuza mkononi. "Na nilishasimama kanisani." Kisha akasema, "Kirudishe."

Nilikirudisha. Tukasafisha, tukaunga mkanda, tukatia ile galoni ya oili ambayo haikufunguliwa tangu shukrani. Nilipotaka kuwasha, alinizuia. Neno langu lilikuwa halimtoshi tena, na sikumlaumu. Alitaka kujua joto la kufaa ni lipi, na nitalijuaje bila kipimo. Nilijaribu kumweleza: si ya kuchemka, lakini si ya kushika mkono ukatulia, katikati hapo.

"Kama maji ya kunyonyolea kuku," alisema.

Nilimtazama.

"Yakiwa ya baridi, manyoya yanagoma. Yakizidi, ngozi inachunika. Mimi digrii sizijui, lakini hayo nayajua tangu nikiwa na miaka sita."

Ijumaa mnunuzi alikuja na shemeji na vijana wawili wa kubeba. Mgeni ni mgeni hata akija kukubomolea, kwa hiyo mama alikuwa ameshamkamata jogoo. Aliwaweka kwenye benchi, akamwita shemeji yake achinje, kisha akamleta jogoo bandani akimning'iniza kwa miguu. Mimi niliwasha. Nilitega ndoo pale maji yanapotokea.

Alitumbukiza bawa. Akavuta unyoya. Ukagoma.

"Mgosi," shemeji alisema kutoka kwenye benchi, "hata kuku hataki."

Kisha nikaona ujinga wangu: mashine ilikuwa inazunguka tupu, na injini isiyo na kazi haipati joto. "Mahindi!" nilipiga kelele. Mama alimwaga debe lake mwenyewe, halafu la pili. Mlio ukazama, ukawa mzito. Nikabana koki ya mfereji kidogo, nikamwaga ndoo, nikatega upya. Moshi mweupe ulianza kuwa mwembamba. Ukakatika. Mara ya kwanza tangu nifike nilikiona kichwa cha bomba la moshi bila moshi, na anga juu yake.

Ndoo ilipojaa mama alimzamisha jogoo mzima, akahesabu kimya, akamtoa. Akapitisha mkono kifuani. Manyoya yalikuja yote kwa mpigo mmoja, mepesi, na ngozi ikabaki nzima, ya manjano, haina hata mchubuko.

Aliinua mkono uliojaa manyoya, akauonyesha kwa mnunuzi, si kwa shemeji.

Mnunuzi aliinuka, akaja kusimama mbele ya injini, akaisikiliza. Alikuwa mtu wa vyuma, alijua chuma kilichokufa na kilicho hai. "Shemeji yako aliniambia imekufa," alimwambia mama.

"Kula kwanza," mama alijibu.

Walikula. Shemeji alipewa firigisi, kama inavyompasa, akaitafuna akiangalia upande wa bondeni. Vijana wa kubeba waliondoka mikono mitupu.

Jioni ile mama alichomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Alikisogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Haikupanda," alisema. Na Jumapili alisimama tena kanisani, akawaambia hilo, na mimi nilikuwa benchi la nyuma nimeinamisha kichwa.