Mluzi Ulionifuata Nyumbani

Nianze na aibu yangu, maana najua vijana mkisikia aibu ya mzee ndipo mnapokaa vizuri kusikiliza. Kazi yangu ya mwisho katika ufundi ilikuwa kung'oa dashibodi nzima ya gari la mtu, bila kuombwa, nikitafuta mluzi uliokuwa ukilia ndani ya kichwa changu mwenyewe. Nitafika huko. Kwanza niwaeleze nilivyofika huko.

Siku yangu ya kwanza karakana ilikuwa hapa hapa Kasulu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo mwalimu wangu, kwa upole, alisema yanafaa kazi ya mikono. Mkuu wa Karakana alikuwa mtu wa Tanga, mfupi, mwenye sauti ya kuazima kutoka kwa mtu mrefu. Asubuhi hiyo ililetwa pikapu kutoka Munanila, redio yake inalia kuliko inavyoongea. Nikachukua bisibisi kwa haraka ili nionekane nina kazi.

"Unakwenda wapi na hiyo bisibisi?"

"Kufungua redio, Mkuu."

"Redio imekukosea nini? Kaa pale. Nyamaza. Masikio nayo yana vumbi."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya karakana yetu. Kabla ya kusikiliza gari, fundi alikaa pembeni bila kusema neno mpaka kelele za soko zimtoke kichwani. Ndipo injini ilipowashwa. Karakana ya jirani walitucheka, wakasema sisi tunasali. Lakini mtu aliyetulia aliweza kutofautisha mambo. Mluzi unaopanda dereva akikanyaga mafuta na kushuka akiachia, huo unatoka kwenye altaneta, mashine inayochaji betri. Ukisikia tak-tak-tak, hiyo ni plagi, cheche zake zinaingia redioni. Mkwaruzo unaokuja gari likiruka shimo, kamata antena, imelegea kwenye kiti chake.

Ile pikapu ilikuwa na mluzi wa altaneta, na kosa lilikuwa kwenye ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Kutu ilikuwa imeula. Mkuu akanipa msasa, nikasugua, nikakaza nati. Mluzi ukakatika. Muziki ukabaki peke yake, kisha Mkuu akazima na muziki pia, tukabaki na ukimya. Kusema kweli ukimya ule niliupenda kuliko muziki.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu walikimbilia Dar, wengine Kigoma mjini, mimi kuvuka mto tu kulinitosha kuumwa tumbo. Nilichotaka maishani ni kitu kimoja: niwe na nyumba yangu Kasulu, nyuma ya migomba, mbali na barabara ya mabasi, na nikizeeka nikae barazani bila kelele yoyote. Kiwanja nikakipata, nyumba nikaijenga taratibu. Kila gari nililolinyamazisha niliona kama nimeongeza tofali.

Karakana ilipoishiwa magari, ikanibidi kwenda Kibondo, kwenye karakana ya magari ya misaada yaliyokuwa yakienda kambi ya wakimbizi. Kibondo si mbali, lakini niliaga kama naenda ng'ambo. Mke wangu alinifungia unga wa muhogo kama vile Kibondo hawali.

Kule nilijifunza AC. Mtu anaweza kuuliza, AC ya nini kwenye nchi yenye baridi kama yetu? Jibu ni vumbi. Ukifunga vioo usile vumbi jekundu la barabara ya Busunzu, utapikika humo ndani, kwa hiyo AC ilikuwa kama shuka ya kujifunika. Na vumbi hilo hilo ndilo lililoiua. Lilijaa kwenye kondensa, lile sega la mbele linalotoa joto nje, gesi ikakosa kupoa, na ndani ukatoka upepo wa moto. Barabara nazo, kwa jinsi zilivyokuwa na makunyanzi, zilitikisa viungo vya mabomba mpaka vikavuja. Nilipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, na panapotoka mapovu ndipo penye kidonda. Mkimbizi mmoja wa Kongo aliyekuwa akiosha magari alinitangulia kwa uchunguzi: "Papa, hii klima haiko natoa baridi, iko natoa mupepo tu." Mara nyingi alikuwa sahihi.

Tatizo lilikuwa jenereta. Lilifungwa hatua chache kutoka meza yangu, likanguruma kutwa. Ili nisikie redio za magari juu yake, nilizifungulia mpaka mwisho na kuweka sikio kwenye spika. Ofisa Usafirishaji, mama mmoja asiyetabasamu bila sababu, alinijia na vizibo vya masikio.

"Baba Kasulu," aliniita hivyo kwa sababu kila Ijumaa nilikuwa wa kwanza kupanda basi la kurudi kwa mke wangu, "vaa hivi."

"Mama, fundi wa milio akiziba masikio, si sawa na mpishi kuziba pua?"

Mafundi wakacheka. Nami nikajiona bingwa wa maneno.

"Haya, pika," akasema. "Siku chungu kikiungua usije kuniuliza."

Vile vizibo nilivitumia kuzibia chupa ya mafuta ya breki.

Niliporudi Kasulu moja kwa moja, niliweka meza ya ufundi uani kwangu. Magari yalikuja machache machache. Nikikosa kazi nilikaa barazani kula ule ukimya niliouhangaikia. Ndipo nikaanza kusikia mluzi mwembamba. Kwanza nikadhani ni nyenze. Kisha nikamwambia mke wangu friji la jirani yetu, Mama Bukuru mwenye duka, lina kasoro. Akanitazama. "Friji la Mama Bukuru liliuzwa zamani," akasema.

Sikutaka kuelewa. Ndipo likaja gari la mwalimu wa chuo cha ualimu, AC haipozi. Nilisafisha kondensa, nikajaza gesi, baridi ikatoka. Nilipowasha redio kujaribu, nikasikia mluzi. Nikazima injini, mluzi upo, kwa hiyo si altaneta. Nikafungua ethi, nikavua spika, nikavua dashibodi. Mwalimu alipokuja kuchukua gari alilikuta kama mbuzi aliyechunwa.

"Mzee wangu," akasema polepole, "mimi nilisema AC."

"Sikiliza kwanza huo mluzi, Mwalimu."

Akainamisha kichwa kwa heshima, kama mtu wa msibani. "Sisikii kitu."

"Fumba macho. Tulia."

Akafumba. Akafumbua. "Mzee, redio yenyewe umeishika mkononi."

Nilitazama. Kweli, waya zake zilikuwa zinaning'inia, haijaunganishwa na kitu. Na mluzi ulikuwa unalia vile vile.

Daktari wa hospitali, kijana aliyeletwa huku kutoka mkoa mwingine, alinieleza kwamba ndani ya sikio mna vinyweleo, na vyangu vimekufa kwa makelele.

"Hakuna mahali pa kukaza nati?" nikauliza.

"Hapana, mzee. Utazoea."

Sijazoea. Ukimya niliojengea nyumba haupo, na hauji. Kwenye gari kanuni ni rahisi: zima injini, usikilize kilichobaki. Hapa imebaki injini moja tu ya kuzimwa, na hiyo si yangu kuizima. Mkuu wangu wa Tanga alisema masikio yana vumbi. Hakuniambia kuna vumbi lisilopanguswa. Ninyi wa siku hizi redio ikilia mnaing'oa na kufunga ya kioo cha kugusa, wala siwalaumu. Ila vaeni vizibo. Najua mtanijibu habari ya mpishi na pua, na wenzenu watacheka.

Dawa niliyoipata ni moja. Nina redio ya gari la zamani, nimeifunga kwenye betri. Ukiiweka katikati ya stesheni, pasipo na mtu anayeongea, inatoa ule mvumo wa shshsh niliolipwa maisha yangu yote kuufukuza. Nikiifungulia mpaka mwisho, mluzi unazama kidogo, nami napata kusinzia barazani baada ya ugali wa mchana.

Jana Mama Bukuru aliacha duka lake, akaja mpaka kwenye migomba yangu. Hakunipa hata "Mwidiwe", salamu yetu ya mchana. Alisubiri nipunguze sauti, kisha akasema:

"Fundi, zima hilo takataka lako. Wewe umeshakufa masikio, sisi wengine bado tunasikia."