Glasi ya Kwanza ya Mama Evdokia

Mama Evdokia alikuwa na kabati lililojaa chupa, nyuma ya makoti ya baridi, na hakuna hata moja aliyowahi kuionja. Alizitengeneza mwenyewe, kila mwaka. Mimi nilikuwa nakwenda kumwogesha na kumpikia huko Fisksätra, kitongoji cha Stockholm nchini Sweden, ndiyo kazi yangu, na muda mrefu nilidhani ni uchoyo tu wa kizee.

Alizaliwa kwenye kisiwa kidogo cha Ugiriki, akaja Stockholm akiwa msichana kufanya kazi kiwandani. Mumewe alikufa, watoto hakujaliwa. Kila kiangazi mpwa wake alimtumia foronya iliyojaa majani makavu ya mlimani. Aliyaloweka kwenye pombe kali pamoja na mdalasini na karafuu, mtungi ukakaa dirishani mpaka ukawa na rangi ya chai. Kisha alichuja, akatia asali, akapasha kwa moto mdogo huku akikoroga bila kuacha, maana ikichemka imeharibika.

Siku moja nilimuuliza kwa nini hainywi. Tulizungumza Kiswidi, chetu sote wawili cha kuokoteza.

"Kwetu glasi ya kwanza hupewa mtu mliyenuniana naye," alisema. "Yeye asipokunywa, nyumba nzima hainywi."

Mtu wake alikuwa dada yake aliyekaa Skärholmen, kitongoji kingine cha Stockholm. Mama yao alipokuwa mahututi kule kisiwani, dada alipata habari, akapanda ndege peke yake bila kumwambia. Evdokia alisikia baada ya mazishi.

"Nikasema aje mwenyewe kuiomba glasi. Mkosaji ni yeye."

Dada hakuja. Akafa. Chupa zikabaki.

Nilimwelewa vizuri. Bella, Mrundi niliyempokea nyumbani kwangu alipofika hapa hana hata koti, aliondoka na mume wangu Anselmo. Kanisani walinizunguka wakaniambia nisamehe. Bella hakuna aliyemwambia neno.

Mwaka huu mkono wa Mama Evdokia ulikuwa unatetemeka, basi nikakoroga mimi. Yeye aliketi kitini akinifokea.

"Polepole! Unasonga ule ugali wenu?"

"Ugali ungekuwa umeshaiva, mama."

Tulipomaliza kufunga chupa, akaniambia kwamba wiki ijayo anahamishiwa nyumba ya wazee. "Nataka kukionja kinywaji changu nikiwa bado kwangu."

"Si uonje?"

"Siwezi. Mtu wangu ameshakufa. Lakini safari hii mwiko umeushika wewe, na kinywaji ni cha aliyekoroga. Glasi ya kwanza ni ya mtu wako."

"Mimi sina mtu."

"Veneranda, unasugua sufuria zangu kama unasugua uso wa mtu."

Nilikataa. Kesho yake nilimkuta ameketi mbele ya kabati, milango wazi, anazitazama tu chupa zake. Sikuweza kuvumilia. Nilichukua moja, nikaviringisha glasi ndani ya soksi, nikapanda treni kwenda Jakobsberg, kwa Bella.

Bella alifungua mlango akiwa na mwiko mkononi. Akarudi nyuma.

"Dada Vene?"

"Siingii ndani. Kunywa hii."

"Ni nini?"

"Pombe ya Kigiriki."

"Dada, mimi nimeokoka. Unajua sinywi."

Nilikuwa nimesahau. Miaka yote hiyo namchukia, nikamsahau yeye mwenyewe. Hata kwenye ubatizo wa mwanangu alikunywa Fanta.

"Au umenitilia sumu?" akauliza.

"Ningetaka kukuua nisingepoteza asali."

Akacheka, kisha akaacha. Aliichukua glasi, akaisogeza puani, akafumba macho. "Inanukia kama dawa ya bibi yangu, ile ya kikohozi." Akanirudishia. "Dada, mimi—"

"Usianze," nikamwambia, nikashuka ngazi.

Mama Evdokia alikuwa ananisubiri na glasi mbili mezani. Sikumdanganya. Nilimwambia hakunywa, amenusa tu. Alizisogeza glasi pembeni, nikajua nimemharibia.

"Glasi aliishika?"

"Aliishika."

"Mkono wake mwenyewe?"

"Wake mwenyewe."

"Na harufu ikaingia puani?"

"Iliingia, mama."

"Pua na koo ni njia moja. Mimina."

Nikamimina. Alikunywa kidogo kidogo. "Asali imezidi," akasema. Mimi niliona ina uchungu.

Baadaye, glasi ikiwa tupu, alitazama dirishani treni ikipita. "Dada yangu naye tumbo lake halikupokea pombe. Hata ningempelekea asingekunywa." Akaigeuza glasi mkononi. "Angeishika tu."

Mimi Bella sijamsamehe, na mtu asiniambie nisamehe. Lakini jioni ile nilipoosha vile viglasi vya Mama Evdokia, niliviosha taratibu, maana ni vyembamba.