Løvsprett, Neno la Yaya Furaha

Enzi zetu, kule milimani juu ya Uvira, Kongo, mtoto alijua majani kabla ya kujua herufi. Mvua za kwanza zikinyesha, Mama alinituma mimi na dada yangu mkubwa, yaya Furaha, kuchuma lenga-lenga, mchicha wetu wa kule. Tulirudi vidole vimegeuka kijani, magoti yana matope, na harufu ya sombe, majani ya muhogo, inayochemka na mawese ikitulaki kabla hatujaiona nyumba. Nikichuma magugu Mama aliguna, "Wewe utakuja kuwalisha wakwe nyasi!" Kwa hiyo yaya akaanza kukagua kikapu changu njiani, anatupa magugu, anajazia majani yake, wala hamwambii Mama.

Vita vilitutoa huko. Kutoka kambi ya wakimbizi mimi nililetwa Birmingham, yaya na mumewe wakapelekwa Norwei. Kila Jumapili baada ya ibada alinipigia simu, nami nikiwa jikoni kwangu mtaa wa Northfield akanifundisha maneno ya kwao kupya. Spire, chipukizi. Grønske, ule utelezi wa kijani kwenye mawe yenye unyevu. Alilolipenda kupita yote ni løvsprett, zile siku chache ambapo miti iliyokaa uchi majira yote ya baridi hutoa majani kwa pamoja.

"Watu hawa wana jina la siku za majani kutoka!" alicheka. "Uje uone, mdogo wangu. Mwaka huu usinidanganye."

Nilisema nitakuja. Lakini kulikuwa na zamu za kuwahudumia wazee, na watoto, na viza. Nilisema hivyo kwa miaka minne.

Februari moyo wake ulisimama. Nilipata ruhusa kazini siku hiyo hiyo, viza nayo ikatoka kabla ya maziko. Tulimzika kwenye theluji, miti mitupu kila upande. Mwezi wa tano mwanawe alinitumia picha ya kaburi, majani mabichi madogo yameinamia jiwe. Aliandika, "Mama mdogo, løvsprett imefika." Nilikuwa kwenye basi nikienda kazini. Nililia mbele za watu.

Siku hizi nikipika lenga-lenga ya kununua maduka ya mtaa wa Alum Rock, wanangu hawainui macho kwenye simu zao. "Mum, it's just spinach." Siwalaumu; wao majani wameyakuta kwenye mifuko. Zamani jani moja lilikuwa na jina moja, na tulikuwa wawili wa kuliita. Leo majina ninayo kwa lugha tatu, nayataja peke yangu.