Mayai ya Mama Wanjiru

Siku ya kwanza kazini sikupewa hata koti jeupe. Mkuu wa Maabara, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, aliniingiza kwenye chumba cha giza, akaweka yai juu ya taa, akaniuliza, "Unaona nini, Nekesa?"

Niliona mishipa myembamba ya damu, na katikati kitone chekundu kikidunda. Nikapiga kelele. "Daktari, kako hai!"

"Kangekuwa kamekufa, tusingekuwa na kazi," akasema, akazima taa.

Nyinyi vijana mna mashine zenu. Sisi, miaka ile baada ya uhuru, tukitaka kujua kama homa fulani ni mafua ya influenza, tulihitaji yai lenye kifaranga. Kirusi cha mafua hakizaani peke yake hata ukibembeleze, ni lazima kiingie ndani ya seli iliyo hai. Kwa hiyo tulimpangusa mgonjwa kooni kwa pamba, tukatoboa yai, tukadunga yale majimaji ya kooni humo, tukaziba kwa nta na kuliweka kwenye joto. Siku chache baadaye tuliyatoa maji ya yai na kuyachanganya na damu ya kuku. Kama hakuna kirusi, damu hushuka chini na kuwa kitone. Kama kipo, hushikana na kutanda. Nilianzia kuosha chupa, nikapandishwa hadi sehemu ya mayai, na huko ndiko nilikozeekea.

Mayai ya dukani hayakufaa, maana kuku wale hawajui jogoo. Yetu yalitoka Kawangware kwa Mama Wanjiru, mjane mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha. Jogoo wake aliitwa Chifu, na kiburi kilikuwa cha chifu kweli. Kila mara nilikwenda kuyachukua mwenyewe, hadi siku moja Mama aliponionea huruma kwa mvua akayaleta maabara. Akakuta nimepasua mayai ya wiki ile. Vifaranga walikuwa wameanza kuota manyoya.

"Ngai! Kumbe hivi ndivyo mnavyowafanya?" Akaweka kikapu chini, akaondoka bila kuniaga.

Haikupita muda homa ikaingia Laini Saba, kijiji kimoja cha Kibera. Nikatumwa huko na pamba zangu, na kati ya wagonjwa nikamkuta Atieno, mama wa kutoka ziwani aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, kando ya reli. Alikuwa mpangaji wa Mama Wanjiru. Alirudi Kawangware akikohoa, na punde nusu ya ploti ikawa inakohoa. Wapangaji wakamwendea Mama. "Huyu ametuletea ugonjwa wa kwao. Mwisho wa mwezi atoke, ama tutoke sisi sote."

Mama alikula kutokana na vyumba vile. Lakini pia Atieno ndiye aliyemwogesha na kumpikia mwaka aliovunjika mguu. Alikuwa amebanwa kabisa.

Wakati huohuo tuliletewa pamba ya mtoto mgonjwa wa mtaa wa matajiri. Nilikuwa nimemweleza Mkuu mambo ya ploti, akaniambia, "Tukiona ni kirusi kilekile cha Atieno, nitakwenda kuwaambia wapangaji mwenyewe. Pandikiza leo."

Nikayapandisha mayai kwenye taa. La kwanza, maji matupu. La pili vilevile. Yote! Hakuna mshipa, hakuna moyo. Nikafunga safari hadi Kawangware, na Chifu nikamkuta jikoni, amefungwa mguu, anapiga kelele mtaa mzima.

"Mama Wanjiru, jogoo amekosa nini?"

"Anazaa watoto wa kuuawa. Nimemtenga na wake zake. Kwani mayai hamkupata?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. "Mama, hayo hayana roho."

"Ndivyo nilivyotaka. Tumieni hayo."

Nikavuta kigoda. "Hebu sikia. Wewe una nyumba. Aje mgeni ana ufunguo unaoingia kwenye kufuli yako, umpokee bila kushuku. Aende moja kwa moja jikoni, akate vichwa vya barua za amri ulizowaandikia wapishi wako, avibandike kwenye zake, nao wadhani ni wewe umesema. Waache chakula chako, wapike chake. Akishazaana humo, watoto wake hutoka wamevaa nguo zako, wanaenda nyumba ya pili. Ndivyo kirusi kinavyofanya kooni kwa Atieno."

"Na mwenye nyumba?"

"Huchoka akafa. Sasa yai lisilo na kifaranga halina wapishi. Mgeni nikimtia humo atakaa tu, nisimwone. Na nisipomwona, Atieno anatoka."

Chumba cha pili Atieno akakohoa, kikohozi kirefu cha kuchosha. Mama akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda. Kulikuwa na kuku pale, amelalia mayai aliyotaga kabla Chifu hajafungwa.

"Amelala tangu Jumapili ya juzi," akasema. Umri uleule tulioutaka. Akatoa moja baada ya jingine, kuku akimdonoa mkono, na machozi yakimtoka waziwazi. "Nisamehe, mama," akamwambia yule kuku. Nikayafunga ndani ya leso, nikayabeba tumboni yasipoe.

Siku chache baadaye damu ya kuku ikatanda, kwa pamba ya Atieno na kwa ya yule mtoto, na seramu moja, maji ya damu yenye kinga ya aina moja tu ya kirusi, ikavizuia virusi vyote viwili. Mkuu akaja na tai yake, akasimama katikati ya ploti. "Kirusi hiki tumekikuta kwa Atieno, na tumekikuta kwa mtoto wa kitajiri ambaye hajawahi hata kunusa omena. Ni homa ya kila mtu." Yule aliyepiga kelele kuliko wote akaomba dawa ya kikohozi. Atieno akabaki.

Chifu akafunguliwa. Tangu hapo, kila akinipa kikapu, Mama alisema, "Waambie asante." Nami, Mungu ni shahidi, niliwaambia wale vifaranga, kwenye kile chumba cha giza, kabla ya kutoboa. Wenzangu walinicheka hadi wakazoea.

Nilipostaafu nilipewa saa ya ukutani na hotuba ndefu. Jioni Mama Wanjiru akafika kwangu Kibera, mzee sasa, Atieno amemshika mkono. Ndani ya kikapu mlikuwa na kuku, na vifaranga wakilia chini ya mabawa yake.

"Hawa ni wako," akasema. "Hawa wote wameanguliwa."