Ngata Haikula Nywele Zangu

Hivi wewe, umeshaona utosi unang'aa kama sufuria lililosuguliwa kwa mchanga? Basi wangu ndio huo. Cheka tu, hata mimi nacheka. Ila kitambaa hiki sikivui hata nikilala. Mzee wangu, baba watoto, kafa hajauona utosi huu.

Ujanani nilibeba mawe ya dhahabu kule Segese, karai kichwani juu ya ngata ya kanga iliyosokotwa, kutoka kwenye mashimo mpaka kwenye mashine ya kusaga. Nywele zilipoanza kupungua utosini, wenzangu wote wakasema, "Mayu, mama wee, ngata hiyo imekula nywele!" Nikaamini. Nikaacha kubeba kichwani, hata ndoo ya maji naishika mkononi, bega linaniuma, nasubiri ziote. Weee! Nikapaka mafuta ya nyonyo. Nikapaka maji ya kitunguu mpaka wajukuu wananikimbia, "Bibi unanuka kachumbari!" Haukuota unywele hata mmoja.

Juzijuzi mjukuu wangu wa kike, huyu ninayeishi naye, akanipeleka mjini Shinyanga kwa daktari wa ngozi. Kukivua kile kitambaa mbele ya daktari, nilijiona kama nimevuliwa gauni. Akanipapasa, akauliza, "Bibi, mama yako nywele zake zilikuwaje?"

Nilikuwa nimeshamweleza habari ya ngata, sasa nikamwambia na hili. Mama naye alikuwa wa vitambaa siku zote.

"Basi siyo ngata, bibi. Hii ni ya ukoo. Dawa ya kupaka ipo, ila ilitakiwa uanze mapema, upake siku zote, maana ukiacha zinaanguka tena. Hapa juu mashina yameshakufa."

"Na ile ya kupandikiza? Nasikia wanahamisha nywele kama mpunga."

"Zinatolewa nyuma, bibi. Na zako za nyuma nazo ni chache."

"Kumbe kitalu hakina miche!" Tukacheka wote. Nilipotoka nje nikalia, nikalia jamani, miaka yote ile naisingizia ngata.

Nywele kuota nimeshakata tamaa. Kinachonitesa sasa ni siku ya kuoshwa. Najua wanawake wa huku kwetu Kharumwa, mimi mwenyewe nimeosha maiti nao. Watakivua, watatazamana, na kabla sijafika kaburini kijiji kizima kitajua. Nikamwambia mjukuu wangu, "Mimi nikifa nitaaibika."

Hakucheka. Akaja akakaa mkekani, akanishika kichwa juu ya kitambaa. "Bibi, siku hiyo kichwa chako nitakiosha mimi, chini ya kanga, wengine wote wakiwa upande wa miguu. Na kitambaa nitakufunga mimi."