Siku Niliyokata Wosia wa Bibi

Harufu ya ndagala, dagaa wa kwetu, wakikaangwa bado hunirudisha Beechmont, kwenye fleti yetu ya Louisville, siku dada Aline alipoolewa Denmark. Nilikuwa na miaka tisa. Sasa nina kumi na saba na maringo hayajapungua, kwa hiyo nivumilieni.

Aline ni binti wa shangazi yangu. Shangazi alifia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, na Bibi ndiye aliyemlea Aline na mdogo wake Eriki, mpaka karatasi zikawapeleka wao Denmark na baba yao, sisi Marekani. Siku ya harusi Bibi alivaa nguo za kanisani, hadi viatu, akaketi mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya Fanta, harusi ikionekana kwenye kioo chake. Kwa Bibi, mkwe hanywi kitu mpaka arudie wosia wa mzee kwa kinywa chake. Na bibi harusi hafungui mdomo. Hivyo Aline, ambaye angetafsiri yote chapuchapu, alikaa ameinamisha kichwa. Mkwe mwenyewe, Mikkel, alikuwa Mdenishi, na Bibi alitaka wosia umfikie kwa lugha ya kwao. Eriki Kiswahili kilishamtoka. Basi ikawa hivi: Bibi aseme, mimi niweke kwa Kiingereza, Eriki aweke kwa Kidenishi.

Niwape siri ya sisi watoto wakalimani: tunakata. Bibi akimsimulia daktari habari za goti lake kuanzia Burundi, mimi husema, linauma. Siku hiyo pia alinena mpaka ndagala wakapoa. Nikasema, "Keep her," yaani mtunze.

Eriki akajikuna kichwa, akaniuliza kwa Kiingereza, "'Keep' ipi? Huku ziko nyingi. Kuna beholde, kama penseli uliyookota ukaamua ni yako. Kuna ya kufuga kuku."

"Yoyote, wewe! Watu wana kiu."

"Kwani dada yangu ni penseli?"

Mikkel alishika chupa yake bila kuifungua. Bibi akanigeukia. "Mbona harudii? Amekataa?" Uso wake ulikuwa umemshuka, na mimi nikaona aibu hadi masikioni.

"Bibi, nisamehe. Nilikata. Sema tena, polepole."

Hakunigombeza. "Mwambie, mvua ilipopenya hema, nilimlaza Aline chini ya kifua changu, mgongo wangu ukawa paa. Sasa paa ni wewe. Ila usiwe mlango, mjukuu wangu si wa kufungiwa."

Nikabeba yote, sikuangusha hata hema. Eriki akalipata neno lake, passe på, lile la kumwangalia mtu asidhurike. Mikkel akarudia wosia mzima, kuanzia mvua mpaka mlango.

"Kunywa, mwanangu," Bibi akasema, na vigelegele vikapasua simu.

Wiki nzima nilitembea shuleni kama balozi. Nilidhani tumeshinda kwa Kidenishi cha Eriki na akili zangu. Nimekuja kuelewa baadaye: Bibi hakuwa na ng'ombe wala hata kitenge cha kumtuma Aline nacho. Maneno yale ndiyo yalikuwa zawadi yake yote, nami nilitaka kuifikisha kipande. Ilifika nzima, ng'ambo ya bahari, na aliyeibeba ni mimi.